Ofisi kuu ya kampuni imebaki tupu: iwe makumbusho, hoteli au nyumba ya shughuli nyingi?

Kampuni huja, hujenga, kisha huenda zake. Nyumba hubaki. Hapa Malindi tumeliona jambo hili tangu zamani. Imperial British East Africa Company ilipata hati ya kifalme mwaka 1888, ikajenga ofisi yake mjini kwetu mnamo 1890, na kufikia 1895 ilikuwa imeshindwa, serikali ya Uingereza ikachukua maeneo yake yote. Kampuni yenyewe haikufika miaka kumi, na nyumba yake imepita miaka mia na thelathini. Ikawa ofisi ya wakuu wa wilaya, na leo iko mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Ulinganisho huu nimewaandikia wale walioachiwa jengo la namna hiyo na sasa wanakaa vikao visivyokwisha: kamati ya chama cha ushirika, familia yenye mirathi, wakfu, kaunti, au mtu aliyenunua kiwanja kizima chenye ofisi ya ghorofa mbili, godauni, nyumba za wafanyakazi na tangi la maji. Katika kila kikao hakosi mmoja anayesema makumbusho, mwingine hoteli, na wa tatu anayetaka vyumba vikodishwe kwa yeyote mwenye pesa. Wote wana hoja. Ninachowaomba ni kitu kimoja: msianze kwa kuuliza jengo litapendeza vipi siku ya kufunguliwa. Ulizeni nani atamlipa fundi wa paa mwaka wa kumi. Nimeyatazama majengo ya hapa kwetu na ya mbali kwa jicho hilo, na limenisaidia kuliko michoro yote ya rangi.

Mambo ya kupimia

Jengo lenyewe. Nyumba ya kale ya matumbawe na chokaa ina vyumba vyembamba, kwa sababu dari imelala juu ya boriti za mikoko na boriti haifiki mbali. Chumba kinaweza kuwa kirefu upendavyo, lakini upana wake ni kama mita 3 tu. Ukumbi wa watu mia mbili humo haupatikani bila kuvunja ukuta unaoibeba nyumba. Ofisi ya zege ya miaka ya 1960 hadi 1980 ni kinyume chake: sakafu ni pana, nguzo ni chache, na kuta nyingi za ndani zaweza kuondolewa. Lakini hewa ya chumvi imekuwa ikila nondo kimyakimya, na pale fundi alipochanganya zege kwa mchanga wa ufuoni usiooshwa, saruji hupasuka na kubambuka kutoka ndani. Gongeni nguzo kwa nyundo. Ikilia kama kitu kilicho wazi ndani, mwiteni mhandisi kabla ya kumwita msanifu majengo. Kama godauni limeezekwa kwa asbesto, vibarua wasipande kuyavunja mabamba yale; kazi hiyo ni ya wenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya.

Karatasi. Hati iko kwa jina la nani, na kama ardhi ni ya kukodishwa, miaka mingapi imebaki? Tangu katiba ya 2010, asiye raia wa Kenya hawezi kushika ardhi kwa zaidi ya miaka 99 ya kukodi, na katika mji kama Malindi ambako Waitaliano wengi wamewekeza, swali hili hujitokeza mapema. Kubadili matumizi ya jengo kunahitaji kibali cha kaunti chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019. Na jengo likiwa limetangazwa kuwa la kihistoria chini ya Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, halibadilishwi bila idhini ya Makumbusho ya Taifa, hata kama mwenye hati ni wewe.

Fedha. Zitenganisheni za kufungulia na za kuendesha. Hizi za pili ndizo zinazofunga milango.

Watu. Nani ataingia mlangoni siku ya Jumanne, mwezi wa sita, mvua inanyesha na kusi inavuma?

Kurudi nyuma. Matumizi haya yakishindwa, jengo litageuzika tena kwa urahisi, au litakuwa limekatwakatwa kiasi cha kutofaa kitu kingine?

Njia ya kwanza: makumbusho na nyumba ya elimu

Jengo. Hii ndiyo njia inayolisumbua jengo kwa uchache zaidi. Vyumba vyembamba vinafaa kabisa kwa maonyesho: mtu huingia upande huu, akapita, akatokea upande wa pili. Nyumba ya Nguzo hapa Malindi ilikuwa hospitali, ikawa ofisi ya Idara ya Uvuvi, na mwaka 2004 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Nguzo zake za mbele hazikuhitaji kuguswa kwa lolote kati ya hayo. Kule Lamu, posta iliyoendeshwa na Wajerumani kuanzia 1888 hadi 1891 ilikuwa katika nyumba ndogo ya mtaani, na udogo huo ndio ulioifaa: habari inayosimuliwa humo ni fupi, na nyumba inaitosha.

Jambo la kuangalia ni mafundi. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Unyevu huingia na kutoka. Mkiupaka plasta ya saruji ili upendeze haraka, unyevu hunasa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta na kuisukuma mpaka ianguke na kipande cha ukuta. Tafuteni fundi anayejua kuchanganya na kukandika chokaa. Wapo Lamu, na wengine wamewafundisha vijana. Kwa ofisi ya zege hoja hii haina uzito, na kwa kweli ofisi ya zege isiyo na historia inayojulikana huwa ngumu kuigeuza makumbusho, kwa sababu wageni hawatalipa kutazama kuta.

Karatasi. Watu wengi hudhani makumbusho yote lazima yawe ya serikali kuu. Sivyo. Jedwali la Nne la katiba limezipa kaunti maktaba na makumbusho, na kubakizia serikali ya taifa majengo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Maana yake kaunti ya Kilifi au ya Lamu inaweza kuwa mshirika wenu halali, si mtazamaji tu. Lakini jengo likishatangazwa rasmi kuwa la kihistoria, mjue mmeingia katika ndoa ya muda mrefu: hamtaligeuza duka kesho kwa sababu mambo yamekuwa magumu.

Fedha. Hapa ndipo penye ugumu, na napenda niseme waziwazi kwa sababu ndipo wengi wanapoumia. Wafadhili hupenda kulipia paa, maonyesho na siku ya uzinduzi. Ni wachache wanaolipa mshahara wa mlinzi, umeme, na dawa ya mchwa. Kiingilio cha wanafunzi hakiwezi kubeba hayo. Jengo tukufu kuliko yote katika mwambao huu, Beit el Ajaib la Unguja, lilijengwa 1883, likawa la sultani, kisha ofisi za serikali, kisha makumbusho, nalo limo ndani ya Mji Mkongwe unaotambuliwa na UNESCO. Pamoja na heshima yote hiyo, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, matengenezo yakiwa yanaendelea. Cheti cha urithi ni jambo jema sana, lakini hakishiki dari.

Watu. Mfano unaonipa matumaini ni Ngome ya Lamu. Ilianza kujengwa karibu mwaka 1813 baada ya vita vya Shela, ikamalizika 1821. Kutoka 1910 hadi 1984 ilikuwa gereza. Fikirieni: vizazi vya watu wa Lamu waliipita ngome ile wakiinamisha macho. Leo ina maktaba, kumbi na maonyesho, na uwanja wa Mkunguni ulio mbele yake hujaa wazee, wachuuzi na watoto. Kilichoigeuza ni kwamba mwenyeji ana sababu ya kuingia hata kama hana haja ya kuona vitu vya kale: ana mkutano, ana kitabu cha kusoma, ana arusi ya kutazama nje. Makumbusho yanayomngoja mtalii peke yake yatakuwa na kumbi tupu kila msimu wa mvua.

Kurudi nyuma. Rahisi kuliko njia zote. Makabati hutolewa, kuta hubaki zilivyokuwa.

Inawafaa wenye jengo la historia ya kweli, mshirika wa umma anayeweka fedha kila mwaka kwenye bajeti, na mji unaolihitaji kwa shughuli zake. Haiwafai wanaotegemea jengo liwalipie ada za shule.

Njia ya pili: hoteli au malazi

Jengo. Kila chumba cha kulala siku hizi kinataka bafu lake. Hilo ni sharti moja tu, lakini ndilo linaloamua yote. Bafu ni mabomba, na mabomba ndani ya ukuta wa matumbawe, juu ya dari ya boriti, ni hatari ya kudumu: bomba likivuja taratibu, boriti huoza ndani ya plasta na huoni kitu mpaka sakafu ianze kulegea. Wanaofanya vizuri hupanga mabafu yote wima, moja juu ya jingine, katika sehemu moja ya nyumba, au huyajenga uani mbali na kuta za zamani. Ofisi ya zege ina nafuu hapa. Korido katikati na vyumba pande mbili ni umbo ambalo tayari linafanana na la hoteli.

Kuna mifano miwili ninayoipenda. Ule wa karibu uko Shangani, Unguja. Nyumba ya Extelecoms ilikuwa ya watu wa simu za baharini. Eastern Telegraph Company ilifikisha waya wake Zanzibar mwaka 1879, enzi ambazo habari kutoka Aden ilikuwa ikingoja jahazi. Teknolojia ilipopitwa na wakati, jengo lilibaki, na katika miaka ya 1990 likakarabatiwa na kuunganishwa katika hoteli ya Zanzibar Serena Inn. Wa mbali uko New Haven, Marekani: ofisi kuu ya kampuni ya matairi ya Armstrong Rubber, iliyochorwa na Marcel Breuer na kukamilika 1970. Kampuni iliondoka, na mwaka 2003 mmiliki mpya akavunja sehemu ya jengo apate maegesho ya magari. Kilichobaki kilisimama kitupu miaka mingi, hadi 2022 kilipofunguliwa kuwa Hotel Marcel, yenye vyumba 165 na inayojitosheleza umeme wake kwa nguvu ya jua. Lililowezesha ni kwamba jengo lilikuwa la zege imara na sakafu zake zilikuwa za ofisi za kawaida.

Karatasi. Ni nyingi. Kubadili matumizi kaunti, NEMA, afya ya umma, zimamoto, na leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii. Kuna moja zaidi isiyo ya ofisini: majirani. Katika mitaa ya kale ya Lamu, na katika sehemu za Malindi zilizo karibu na msikiti, hoteli yenye baa italeta mzozo ambao leseni haiumalizi. Kaeni na wazee wa mtaa kabla ya kuchora. Wengi wameendesha malazi mazuri bila pombe, na hawakukosa wageni.

Fedha. Mapato yanayoweza kupatikana hapa ni makubwa kuliko njia nyingine, na hasara vilevile. Msimu wetu wa wageni unafuata kaskazi, Desemba hadi Machi. Masika ikianza Aprili, hoteli nyingi za mwambao hupunguza wafanyakazi au hufunga. Na huo ni mwaka mzuri. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, utekaji nyara wa Septemba na Oktoba 2011 upande wa Kiwayu na Manda, mashambulizi ya Mpeketoni Juni 2014, kisha korona mwaka 2020: mara nne katika miaka kumi na mitatu, na kila mara wageni walikatika ghafla huku marejesho ya benki yakiendelea. Anayechukua mkopo wa hoteli hapa ahesabu kwamba pigo la tano litakuja ndani ya muda wa mkopo wake.

Hesabuni pia maji. Malindi tunategemea Baricho, kwenye mto Sabaki, chanzo kinachogawanywa na miji mingine hadi Mombasa. Lamu wanategemea visima vya chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na watu wa Lamu wamepigania vilima hivyo visijengwe kwa sababu hiyo. Ofisi ya watu hamsini hutumia maji ya choo na chai. Hoteli ya vyumba hamsini hufua shuka kila siku. Kama hamjui maji yatatoka wapi mwezi wa pili, hamna hoteli bado.

Watu. Ajira ni nyingi na za haraka: wapishi, madobi, mafundi bomba, waendesha tuktuk, wavuvi wanaouza samaki jikoni. Lakini mlango hufungwa kwa mwenyeji asiye na kazi humo. Jengo lililokuwa la wote mjini, mathalani ofisi ya ushirika ambako wakulima walikuja kupokea malipo yao ya korosho au pamba, likishawekewa geti na soja, mji hulipoteza kwa namna fulani. Mimi hili linanigusa, na sidhani ni jambo dogo. Dawa yake ipo: acheni ukumbi wa chini, au mkahawa wa mbele, au baraza, iwe ya mtu yeyote.

Kurudi nyuma. Vigumu. Ukishakata vyumba ishirini na mabafu ishirini, kulirudisha jengo kuwa darasa au ofisi ni kujenga upya ndani.

Inawafaa wenye mtaji wa kuvumilia miaka miwili mibaya, jengo lenye upepo wa bahari na maji ya uhakika, na mwendeshaji anayeijua kazi. Haifai kamati inayobadilisha viongozi kila mwaka.

Njia ya tatu: nyumba ya shughuli nyingi

Nina maana ya jengo moja lenye ofisi ndogo, maduka, darasa la kompyuta, zahanati, mkahawa, karakana uani, pengine na vyumba vichache vya kulala juu.

Jengo. Mfano mkubwa kuliko yote ninaoujua uko Holmdel, jimbo la New Jersey. Maabara ya Bell Labs, mkono wa utafiti wa kampuni ya simu ya AT&T, ilichorwa na Eero Saarinen na kufunguliwa mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya yeye kufariki. Iliongezwa hadi kufika karibu futi za mraba milioni 2 katika ekari 472, na wakati wa kilele chake ilikuwa na wafanyakazi wapatao 6,000. Mbele yake limesimama tangi la maji la miguu mitatu lenye umbo la transista, kifaa kilichobuniwa na kampuni hiyo hiyo. Humo Steven Chu alifanya kazi ya kupooza atomi kwa leza iliyompa Nobeli mwaka 1997. Kisha biashara ya simu ikageuka. Mwaka 2006 wenye jengo walitangaza kuliuza, wafanyakazi wakahamishwa, na mpango wa kwanza wa mnunuzi ukawa kubomoa sehemu kubwa. Wanasayansi waliowahi kufanya kazi humo wakapinga. Mwaka 2013 mnunuzi mwingine alilichukua kwa dola milioni 27, akaliita Bell Works, na kulifungua kama mtaa ulio ndani ya nyumba: ofisi juu, maduka na migahawa chini, na maktaba ya umma ya mji wa Holmdel ndani yake. Sehemu ya ardhi iliyolizunguka ilijengwa nyumba za kuishi.

Ninaona mafunzo mawili ya kuchukua, hata kwa kiwanja cha ekari mbili. Uwazi mkubwa wa katikati, uliokuwa wa kupendezesha tu wakati wa kampuni, ndio uliookoa jengo, kwa sababu uligeuka kuwa njia ya watu wote. Nyumba zetu za mwambao zina ua wa katikati tayari. Msiuezeke mkaujaza vibanda. La pili, ardhi ya ziada ililipia jengo gumu. Kiwanja chenu kikiwa na eneo tupu nyuma, huenda hilo ndilo la kukodisha kwanza.

Karatasi. Sikilizeni vizuri hapa, maana ndiyo mitego inayowanasa wenye nyumba wengi. Chini ya Sura ya 301 ya sheria za Kenya, inayohusu maduka, hoteli na migahawa, mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, analindwa. Hamuwezi kumpandishia kodi wala kumtoa bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na akipinga, suala linaenda kwenye baraza la upangaji wa majengo ya biashara. Sheria hii ni ya haki kwa mfanyabiashara mdogo na mimi ninaiunga mkono. Lakini kamati inayowapa jamaa zake vyumba kwa mdomo itajikuta haiwezi kulipanga jengo lake yenyewe. Andikeni mikataba tangu siku ya kwanza. Mkitaka kuuza vyumba badala ya kukodisha, ipo Sheria ya Umiliki wa Sehemu ya 2020, lakini mkishauza, uamuzi wa jengo zima umegawanyika milele.

Fedha. Kodi ni ndogo na huja kwa shida, lakini huja mwaka mzima, na mpangaji mmoja akiondoka wengine tisa wamebaki. Jengo la mikutano la KICC kule Nairobi, lililojengwa na chama tawala cha wakati huo, KANU, na kukamilika 1973 likiwa na ghorofa 28, liliishi kwa namna hii: ofisi za kukodisha pamoja na kumbi za mikutano. Chama kilichokuwa kinalimiliki kilipoondoka madarakani, serikali ililichukua mwaka 2003, na kazi za jengo hazikusimama. Hiyo ndiyo nguvu ya wapangaji wengi.

Tatizo la Malindi ni wapangaji watoke wapi. Tangu ugatuzi wa 2013, makao makuu ya kaunti yako Kilifi, na shughuli nyingi za serikali zilizokuwa zikiendeshwa hapa zilihamia huko. Ofisi kubwa hazitafutwi kama zamani. Wanaotafuta ni wadogo: wakili mmoja, duka la vifaa vya sola, mwalimu wa lugha, fundi wa simu, chama cha akina mama cha akiba. Upande wa Lamu hali ni tofauti kidogo tangu gati ya kwanza ya bandari ya Kililana ilipoanza kazi mwaka 2021. Atakayekuwa na vyumba imara upande wa Mokowe ana sababu ya kungoja. Ndani ya mji wa kale, ambako hakuna magari na mzigo unabebwa na punda, mpangaji wa ghala au karakana hatakuja.

Watu. Hapa njia hii haina mpinzani. Mama anakuja zahanati, mtoto anangojea maktaba, baba anaagiza kahawa. Ila mwenye jengo lazima awe na meneja wa kweli: mmoja, anayelipwa, mwenye daftari. Wapangaji kumi hutoboa kuta kumi, na kila mmoja huvuta waya wake wa umeme.

Kurudi nyuma. Kwa urahisi, mradi kuta mlizoongeza ni za mbao au jasi na si za tofali.

Na kubomoa?

Wakati mwingine mhandisi atasema jengo haliwezi kuokolewa, na hapo usalama wa watu ndio wa kwanza. Lakini msibomoe kwa sababu ya ahadi. Kampuni ya sabuni ya Larkin, mjini Buffalo, ilijengewa ofisi kuu na Frank Lloyd Wright mwaka 1906, moja ya ofisi zilizosifiwa sana za karne ile. Kampuni ilidhoofika, jengo likachukuliwa na mji kwa deni la kodi, likauzwa kwa wenye mpango wa kituo cha malori, likabomolewa 1950. Kituo hicho hakikujengwa. Pakabaki maegesho ya magari. Kabla ya nyundo ya kwanza, fedha za jengo jipya ziwe benki na kibali kiwe kimepigwa muhuri.

Kulingana na hali yenu

Kama mna nyumba ya kale ya matumbawe ndani ya mji wa Lamu au ufuoni Malindi, na kaunti au Makumbusho ya Taifa wako tayari kusaini kwamba watalipa mishahara, chukueni njia ya kwanza, mkiongeza maktaba au ukumbi ili wenyeji waingie. Saini iwe ya mishahara, si ya uzinduzi.

Kama ni familia yenye mirathi na warithi wengi wanaohitaji kipato kila mwezi, nyumba ya shughuli nyingi ina amani zaidi, kwa sababu kodi hugawika na hesabu huonekana. Hoteli ya warithi kumi na wawili nimeona ikigeuka kesi.

Kama jengo ni la zege, limepimwa na mhandisi, lina kisima chenye kibali na mwekezaji ana akiba ya kuvuka misimu miwili mitupu, hoteli ni chaguo la halali kabisa. Ombeni tu sehemu ya chini ibaki wazi kwa mji, na liandikwe kwenye mkataba.

Kama ni chama cha ushirika ambacho wanachama wake bado wako hai na wanalikumbuka jengo, waiteni wao kwanza. Pengine godauni bado linafaa kuhifadhi mazao, na ofisi ya mbele ikakodishwa ilipie paa la godauni.

Kama bado hamjaamua, na vikao vitachukua mwaka mwingine, zibeni paa sasa, safisheni mifereji ya maji ya mvua kabla ya masika, wekeni mlinzi, na acheni ua utumike kwa gulio la wiki au mafunzo ya vijana. Kwa matumizi hayo ya muda, mwombeni wakili awaandikie ruhusa ya kutumia eneo, si upangaji, na itaje siku ya kumalizika.